Mwambie Nasra aache kukariri fomula za kuzungusha pointi

Shoga yangu Mama Nasra,

Habari za huko, wazima nyote? Sisi tupo, mvua tu ndo imetukaba. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, eti Nasra analia na hesabu za mzunguko na mtihani wa fomu foo ndo huo unabisha hodi, na picha ya daftari lake nimeiona. Kaandika fomula nne kwenye kiboksi, ya nyuzi 90, ya 180, ya 270 na ya 360 (hiyo ya 360 sijui ya kazi gani, pointi si inarudi pale pale ilipotoka?) halafu anazikariri kama namba za simu. Sasa siku ya mtihani ile hasi ikihamia upande wa pili kwisha habari yake.

Mwambie achukue karatasi ya grafu, aweke orijini, yaani (0, 0), katikati, achore pointi (4, 1), yaani nne kulia moja juu. Asihesabu kitu. Aikamate tu karatasi aizungushe robo, yaani nyuzi 90, kinyume na saa, orijini isihame. Haya aangalie, mhimili wa x uliokuwa unaelekea kulia sasa umesimama, na wa y umelala kuelekea kushoto, kwa hiyo ile nne ya kulia imekuwa nne ya juu, na ile moja ya juu imekuwa moja ya kushoto, na kushoto si ndo hasi? Jibu ni (-1, 4). Hiyo ndo (x, y) kuwa (-y, x), na ameiona kwa macho yake. Azungushe robo nyingine apate (-4, -1), nyingine tena (1, -4), nyingine karudi nyumbani. Wakimwambia nyuzi 90 kufuata saa, wengine wanaandika hasi 90, hiyo ni sawa na robo tatu kinyume na saa, basi (1, -4).

Sasa nyuzi kama 45 ambazo karatasi haisaidii sana. Hapo ajue vitu viwili tu: (1, 0) inaenda wapi na (0, 1) inaenda wapi. Ya kwanza inaenda kwenye (kosaini, saini) ya hiyo nyuzi, ya pili kwenye (hasi saini, kosaini). Azipange kama safu mbili za kusimama, hiyo ndo matriksi yenyewe wanayoimba darasani. Halafu achukue safu ya kwanza mara 4 na ya pili mara 1, ajumlishe. Kosaini na saini za 45 zote ni kama 0.707, kwa hiyo (4, 1) inakuwa 0.707 mara (4 - 1) na 0.707 mara (4 + 1), yaani karibu (2.12, 3.54). Na ajihakiki mwenyewe, umbali toka orijini haubadiliki ng'o: umbali kwa skwea ni 4 kwa skwea jumlisha 1 kwa skwea, yaani 16 jumlisha 1 ni 17, na 2.12 kwa skwea jumlisha 3.54 kwa skwea inakuja 17 na desimali kidogo sana. Isipokuja hivyo kachanganya alama, arudie.

Na wakimpa kituo kingine kisicho orijini, mfano (2, 1), aondoe kituo kwanza, azungushe, akirudishe. (4, 1) inakuwa (2, 0), robo inakuwa (0, 2), akirudisha anapata (2, 3). Hiyo haina maajabu.

Akienda PCM (fizikia, kemia na hesabu) huko mbele atakutana na namba changamano, zile zenye mzizi wa hasi moja, kuzidisha kwa mzizi wa hasi moja ni kugeuza robo, basi. Aliyeliona hilo mapema ni mpima ardhi mmoja mzaliwa wa Norwei, Caspar Wessel, aliliwasilisha Denmark mwaka 1797 na karibu miaka mia wakubwa wa hesabu hawakulijua andiko lake. Mpima ardhi, shoga!

Halafu kuhusu kaka yake na ile gemu anayoitengeneza, gari linakata kulia wakati kaliambia kushoto: fomula yake iko sawa kabisa. Kwenye skrini orijini mara nyingi iko kona ya juu kushoto na y inaongezeka ukishuka, kwa hiyo kinyume na saa ya kwenye daftari inaonekana kufuata saa. Aweke hasi kwenye nyuzi, ajaribu tena.

Nipigie jioni Nasra akiwepo, umeme ukirudi.

Wako,
Mama Feisal