Laini ni ya Nani?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu simu na uchumi wa wanawake. Mmeutaja utafiti wa wachumi Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016, uliokadiria kuwa M-Pesa iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 wa Kenya kutoka kwenye kilimo na kuingia kwenye biashara. Sibishi. Mimi nauza ndizi Mbuyuni hapa Moshi, nami simu imenifaa. Zamani mzigo ukishapanda lori ndiyo umeuaga. Bei utaisikia kwa dalali, na sijawahi kumwona dalali aliyekutana na bei nzuri. Siku hizi kabla mkungu haujapakiwa nimeshampigia mwenzangu wa soko la Mahakama ya Ndizi, kule Mabibo, Dar, ameniambia ndizi za mchare zimeamka na bei gani. Hela inaingia lori likiwa bado Dar.

Ila makala yenu imehesabu wanawake wenye simu tu. Haikuuliza laini ni ya nani.

Mwaka jana kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kiliamua kuachana na sanduku la kufuli tatu, fedha ziwekwe kwenye simu. Kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, nikamtaka kila mwanachama apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tuko 22. Wanawake tisa, namba wanayofanyia biashara kila siku haikuwemo. Ya huyu ni ya mume, ya yule ni ya kijana wake wa kwanza, nyingine ya shemeji. Mmoja hadi leo hajui, laini aliuziwa na kijana anayesajili laini chini ya mwavuli pale stendi.

Msidhani ni uzembe. Usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, ilitakiwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mama aliyezaliwa nyumbani, hana cheti cha kuzaliwa, kuipata hiyo namba ni kazi, na Januari 2020 laini zikaanza kufungwa. Wateja wako wote wamo humo. Ungefanya nini? Unamwomba mwanao aweke kidole chake, biashara iendelee. Na waume wengi walisaidia kwa nia njema kabisa, hilo nalisema nisije nikatafutwa.

Tabu huja baadaye. Mikopo ya simu hutolewa kwa kuangalia fedha zinavyozunguka kwenye laini. Basi mama anauza ndizi miaka mitano, sifa ya kukopesheka inajengeka kwa jina la mtu mwingine. Mwenzetu mmoja mumewe alikopa kwenye laini hiyo hiyo bila kumwambia. Asubuhi mteja akalipa mzigo, nayo simu ikakata deni hapo hapo.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni cha mjane wetu. Laini ilikuwa kwa jina la marehemu, ndani mna fedha za mzigo mzima. Kwenye heka heka za msiba simu ikapotea. Alipokwenda kurudisha laini akaambiwa mwenye laini aje aweke kidole. Akaeleza kuwa mwenye laini wamemzika Jumamosi. Basi alete barua ya msimamizi wa mirathi. Shemeji zake waliposikia neno mirathi wakaitisha kikao, kwa kuwa sasa hizo zilikuwa fedha za kaka yao. Ndizi alinunua yeye, lori alilipia yeye, na marehemu, Mungu amrehemu, hata bei ya mkungu alikuwa haijui.

Sisi wa Kilimanjaro jambo hili si geni kwetu. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, kilianzishwa mwaka 1933, na kwa sehemu kubwa kahawa imekuwa mali ya baba. Mama anapalilia, anachuma, anabeba, lakini kwenye daftari la chama cha msingi limeandikwa jina la baba. Ndizi ndizo zilikuwa zetu, nadhani kwa sababu hakuna aliyeziona kuwa ni fedha. Sasa zimeingia kwenye simu, na daftari limezifuata humo.

Mmeandika pia kuwa, kwa ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, wanawake wa nchi za kipato cha chini na cha kati wako nyuma ya wanaume kwa asilimia 15 katika kutumia intaneti ya simu. Wale tisa ukiwauliza watakujibu kuwa simu wanayo na intaneti wanatumia. Mtawahesabu upande wa walionufaika.

Ninachoomba kwa kampuni za simu si kikubwa: walete watumishi wao sokoni, wakae asubuhi tu, watu wahamishe majina. Sasa hivi mwenye jina na anayeitumia laini lazima wafuatane hadi ofisini, na siku ya biashara imekwenda. Maofisa wa halmashauri nao, wanapopokea maombi ya ile mikopo ya wanawake inayotoka kwenye asilimia 4 ya mapato ya halmashauri, waulize laini imesajiliwa kwa nani.

Kwetu, kati ya tisa, saba wameshahamisha, pamoja na yule wa laini ya mwavuli, ambaye alikata tamaa akaanza na namba mpya. Wamebaki wawili. Mjane anasubiri mahakama. Mwingine kijana wake yuko Mtwara, na amesema atakuja Desemba, kama Wachaga wote.

Mweka hazina wa kikoba,
Mbuyuni, Moshi