Karafuu Mdomoni Haitibu Fizi

Mtu anayesumbuliwa na kunuka mdomo akija kwetu, kwa madaktari wa meno hapa Chake Chake, Pemba, mara nyingi hasemi kilichomleta. Atasema jino la nyuma linamvuta, au anataka kusafishwa meno tu. Tunamhudumia, anashukuru, anashika kitasa cha mlango, halafu anarudi hatua moja na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, na hii harufu?" Hapo tayari ana punje ya karafuu shavuni.

Haya hiyo tunaielewa. Sisi ni watu wa harufu nzuri: nguo zinafukizwa udi, bi harusi anasingwa, asumini inatiwa kwenye nywele. Mtu aliyelelewa hivyo akihisi mdomo wake unanuka, huona amepungukiwa heshima. Wapo wanaume walioacha kusimama katikati ya safu msikitini wakawa wanasali pembeni kabisa, na akina mama ambao kwa miaka hawajazungumza na mtu bila ya kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Wengi wao walikuwa na tatizo linalotibika.

Wanaoamini kuwa harufu inatoka tumboni ni wengi sana. Hununua dawa ya minyoo, hunywa dawa za kusafisha tumbo, na harufu ikabaki pale pale. Kwa watu wapatao 8 au 9 katika kila 10 wenye tatizo la kudumu, chanzo kimo kinywani. Njia ya chakula huwa imefungana mtu asipokuwa anameza au kucheua, kwa hivyo hewa ya tumbo haipandi juu kila unapotamka neno. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaopenda mahali pasipofika hewa: nyuma ya ulimi, baina ya meno, chini ya ufizi. Wanakula mabaki ya chakula, damu na ngozi iliyokufa ya mdomo, wakatoa gesi zenye salfa. Mojawapo ndiyo gesi ile ile inayokupiga puani ukipasua yai viza.

Ulimi ndio unaosahauliwa zaidi. Mtu anapiga mswaki asubuhi na usiku, meno meupe, lakini huko nyuma karibu na koo pamekaa utando mzito wa manjano. Chukua kijiko, ukwangue polepole sehemu hiyo, kisha unuse kilichotoka. Hicho ni kipimo bora kuliko kupumulia kiganjani, maana pua ya mtu huizoea harufu yake mwenyewe. Wengine wakikwangua ulimi kila siku, kuanzia nyuma kuja mbele, wiki mbili zinatosha kuona tofauti.

Fizi zina mambo mazito zaidi. Uchafu laini wa kwenye meno usipoondolewa hugeuka ukoga, mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi kuuondoa tena, uwe wa dukani au wa mti. Ufizi unavimba, unatoa damu, unaachana na jino. Tunapima nafasi hiyo kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Ufizi mzima huwa na milimita 1 mpaka 3. Ikifika 4, 5 au 6, pana mfuko ambao bakteria wanaishi ndani yake na wewe nyumbani huwezi kuufikia. Mtu akiona damu huogopa, akaacha kupiga mswaki upande huo, na tatizo likazidi. Damu hiyo inataka usafishe zaidi, kwa mkono mwepesi.

Hapa lazima tujibu neno tunalolisikia kutoka Konde mpaka Kengeja: kwamba kusafishwa meno kunayalegeza. Jino lililolegea baada ya kukwanguliwa lilikuwa limelegea tangu zamani. Ukoga ulikuwa umeyashikanisha meno kama saruji, na mfupa wa chini umeshaliwa. Ukoga ukitoka unaona hali yenyewe ilivyo. Meno yatapata ganzi kwa maji baridi siku chache, ufizi utanywea kwa sababu uvimbe umekwisha. Kuuacha ukoga ndiko kunakong'oa meno.

Sasa karafuu. Tunaithamini; imesomesha watoto wengi wa kisiwa hiki. Mafuta yake yanatia ganzi na harufu yake ina nguvu, ndiyo maana kwa nusu saa unajiona umepona. Lakini mfuko wa chini ya ufizi upo vile vile, na jino lililotoboka linaendelea kuoza bila ya kukuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mafuta ya karafuu yakipakwa kila siku yanaunguza ufizi. Iliki na peremende tunaziweka kundi hilo hilo, na peremende ina sukari juu yake.

Tambuu ni suala la peke yake. Rangi nyekundu na chokaa huficha ukoga, na popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, tangu 2004 imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika vitu vyenye kusababisha saratani kwa binadamu. Mtafuna tambuu akija kwa ajili ya harufu, sisi tunamtazama pia mashavu na chini ya ulimi. Kidonda kisichopona wiki mbili kisingojewe.

Mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa, na usiku hupungua mno. Ndiyo sababu kila mtu huamka na harufu, na mfungaji wa Ramadhani huipata mchana. Hayo si maradhi. Mafundisho ya dini yameipa harufu ya mfungaji hadhi yake, na walio katika madhehebu ya Shafi wengi hawapendi kupiga mswaki baada ya adhuhuri. Basi safisha vizuri baada ya daku, ulimi na baina ya meno, na tena baada ya kufuturu. Lakini mtu anayekauka mdomo mwaka mzima atuletee dawa anazokunywa; baadhi ya dawa za presha, mzio na msongo wa mawazo hukausha mate. Mwenye kisukari naye fizi zake huharibika upesi, na fizi mbovu hupandisha sukari.

Dawa ya kusukutua haichukui nafasi ya kusafishwa. Zile kali zenye klorheksidini tunazitoa kwa wiki mbili hivi, kwani zikizidi zinatia meno madoa ya kahawia. Zisizo na alkoholi zipo, uliza tu.

Mtoto ni jambo jengine. Akinuka ghafla, na makamasi mazito yanatoka tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza shanga au punje. Mpelekeni hospitali.

Mara ya kwanza ukija, siku mbili kabla usile kitunguu saumu, maana harufu yake huingia kwenye damu ikatokea mapafuni hata ukisafisha mdomo. Asubuhi hiyo usisukutue dawa wala usitie karafuu. Tutanusa pumzi ya mdomo, kisha ya pua peke yake. Ikinuka ya pua tu, tutakuelekeza kwa daktari wa pua na koo. Mwenye meno bandia aje nayo, na aache kulala nayo usiku. Fizi tunazitazama tena baada ya wiki 6 mpaka 8, kwa hivyo maharusi msije wiki ya harusi. Njooni miezi miwili kabla.

Na kama anayenuka ni mumeo, mkeo au mama yako, mwambie mkiwa wawili tu, umwambie kwamba ufizi wake unaonekana umevimba, kisha mfuatane mje pamoja. Kwenye dirisha la mapokezi hakuna haja ya kueleza. Sema umekuja kusafishwa meno. Mengine tutayazungumza ndani, mlango ukiwa umefungwa.