Binamu, mfuko wa mwisho siuzi

Binamu yangu,

Salamu zako zimefika, na lile ombi la kukuuzia mfuko wangu wa mwisho wa udongo wa kufinyangia pia. Najua unavyoniona: mchoyo wa Nairobi aliyekalia mfuko wa kilo 25 wa udongo usiotengenezwa tena, na hata haufinyangi. Ni kweli siufinyangi. Kila nikipata udongo mpya nakata kipande cha ule cha ukubwa wa yai nilinganishe, basi.

Muuzaji aliponiambia mali ile imekoma, nilifanya unachofanya wewe sasa: nikasaka udongo wa rangi ileile. Nikaupata, mweupe, laini, nikafinyanga vyombo ishirini vya sukari. Mifuniko nilikuwa nayo tayari, ya udongo wa zamani, mibichi, nikaona kuitupa ni hasara. Vilipotoka tanurini hakuna mfuniko hata mmoja ulioingia. Ule wa zamani husinyaa asilimia 11 tangu ubichi hadi kuchomwa. Huu ulisinyaa 14. Kwenye mdomo wa sentimita 10 hizo ni milimita 3, na mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya 2. Mifuniko hiyo watoto wa ploti wameifanya magurudumu.

Tangu hapo rangi siiangalii. Nakata ulimi, yaani kipande kirefu chembamba, wa udongo mpya na ulimi wa ule wa zamani, kila mmoja nauchora mstari wa milimita 100 kwa ncha ya kisu, nazikausha pamoja na kuzichoma rafu moja, moto mmoja. Rula inasema. Kisha mizani ya jikoni: kigae kikavu kilichochomwa cha gramu 200 nakichemsha saa mbili, kinapoa humo humo majini, nakifuta, napima tena. Kikiwa 204 kimekunywa asilimia 2, nafurahi. Kikiwa 220, hicho ni cha kupandia maua; ukikifanya kikombe kitaacha duara la maji kwenye meza ya mteja.

Glezi, ule utando wa kioo juu ya chombo, nayo ina vituko vyake. Ile yangu ya kijani, iliyotulia miaka yote, ilichanika nyufa za utando wa buibui. Ikipoa husinyaa zaidi kuliko udongo ulio chini yake, ikavutika hadi ikakatika. Niliiongezea unga wa silika kidogo kidogo, ikatulia jaribio la sita. Bili ya stima ya mwezi ule usiniulize.

Na tafadhali, habari za udongo mweusi wa Embakasi ziishe. Unafinyangika vizuri, sikatai, lakini hunywa maji ukavimba, ukikauka unapasuka. Waulize waliojenga juu yake.

Kwa sasa nachanganya udongo mwekundu wa Kiambu, kaolini (udongo mweupe), felspa kidogo (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni), na vigae vya vyombo vilivyoharibika nilivyovisaga mwenyewe. Unatoka rangi ya chai ya maziwa, mbali kabisa na ule mweupe wa zamani, lakini kwenye rula unapishana nao nusu milimita. Kiu ndiyo bado: asilimia 7.

Wewe uko karibu na wafinyanzi wa Ilesi, huko Kakamega. Ninunulie kilo mbili za udongo wao, uufunge kwa nailoni, uupakie matatu ya usiku. Mimi nakutumia ndimi mbili za ule wa zamani, mmoja umechomwa, mmoja mbichi wenye mstari tayari. Huo mbichi uchome kwenye tanuri yako, pamoja na wako. Usiloe njiani tu.