Usimhamishe huyo mashoto

Kocha wangu wa Mkolani,

Salaam nyingi. Huku Tabata hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Natumaini mama mkubwa ameshatolewa bandeji na Mzee Filimbi amenyamaza kuhusu zile jezi. Salamu nyingine zitakuja mwishoni, maana ujumbe wako wa sauti wa juzi hautoki kichwani na mechi yenu ya kwanza ni Jumamosi.

Umesema kamati inataka yule kijana mashoto aondolewe namba saba, yaani winga ya kulia, apelekwe beki ya kushoto, kwa kuwa hana mbio, na winga asiye na mbio ni mzigo. Mzee Filimbi naye kaongeza kwamba mashoto mahali pake ni kushoto. Nakuomba, kabla hujapanga kikosi, unisikilize habari za Robert Snodgrass. Najua si jina ambalo vijana wanaliandika mgongoni. Lakini kwa swali lako simwoni mwingine anayelijibu vizuri kuliko yeye.

Ni Mskoti wa Glasgow, mzaliwa wa Septemba 1987. Mguu wake ni wa kushoto, na sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira kacheza kulia. Hakuwa winga wa kurushiwa mpira mbele akimbizane na beki. Pamoja na hayo alianzia Livingston, akapelekwa Stirling Albion kwa mkopo, akaenda Leeds, Norwich, Hull, West Ham, Aston Villa kwa mkopo, West Brom, Luton, akamalizia Hearts ya Edinburgh. Timu ya taifa ya Uskoti kaichezea mechi 28 na kuifungia mabao 7. Waliokuwa na mbio kumzidi ni wengi, lakini makocha waliendelea kumtaka yeye. Kwa nini?

Chukua mechi ya kawaida. Winga mwenye mguu wa kushoto akiwa kulia anakabwa na namba tatu wa wapinzani, yaani beki wao wa kushoto, ambaye mara nyingi naye ni mashoto. Winga akiingia ndani, beki analazimika kuunyoosha mguu wake wa kulia, ule dhaifu. Hapo ndipo faida ilipo. Snodgrass alipokea mpira mguuni, karibu na mstari, akamsimamisha beki kabisa, ndipo akausogeza ndani kwa mguso mmoja na kupiga wa pili. Anayemsimamisha beki kwanza hahitaji kumzidi mbio, nusu hatua inamtosha kupata upenyo wa krosi.

Halafu angalia krosi yenyewe. Mguu wa kushoto ukipiga kutoka kulia, mpira unapinda kuelekea goli, si kulikimbia. Straika akiugusa kidogo tu, ni bao. Asipougusa mtu, unaweza kuingia wenyewe, na kipa hawezi kutoka mapema kwa sababu anaogopa ule mguso. Tarehe 4 Septemba 2016 Uskoti waliifunga Malta 5-1 kwao, Snodgrass akafunga matatu peke yake. La kwanza lilikuwa krosi ya namna hiyo hiyo: mpira ulipaa, kila mtu akamsubiri mwingine auguse, ukaingia. Watu wanaliita bao la bahati. Mimi nasema ukiipeleka mipira ya aina hiyo golini kila wiki kwa miaka, bahati ina sababu yake.

Kona ni vilevile. Kona ya kulia mpe yeye, itapinda ndani. Ya kushoto akipiga yeye inatoka nje, inawafaa warefu wako wanaokuja wakikimbia kutoka mbali. Na mpira wa adhabu wa nje ya kumi na nane, lile eneo la penalti, upande wa kulia wa goli, ni wa mashoto, usimwachie nahodha kwa heshima. Januari 2010 Leeds, wakiwa daraja la tatu, waliwatoa Manchester United kwenye Kombe la FA palepale Old Trafford kwa bao 1-0 la Jermaine Beckford. Siku ile mpira wa adhabu wa Snodgrass uligonga pembe ya goli, United nzima ikashika pumzi. Mwezi Mei Leeds wakapanda daraja.

Sasa mazoezi, maana najua utauliza. Weka koni mita 2 kutoka mstari wa pembeni, kama mita 30 kutoka mstari wa goli. Mbele yake kidogo, upande wa ndani, simamisha mtu halisi awe beki, si koni. Namba mbili, beki wako wa kulia, ampe mpira mguuni, si mbele yake. Kijana afungue mwili kabla mpira haujafika, mguso wa kwanza kwa kushoto uende ndani kama mita moja na mbele kidogo, mguso wa pili ni krosi. Mpira ulenge kati ya nukta ya penalti na kisanduku cha kipa, uelekee nguzo ya mbali. Straika akimbilie nguzo ya karibu, namba kumi na moja, winga wa kushoto, nguzo ya mbali. Mipira 20 kwa zoezi moja inatosha. Ukizidisha, mguu unachoka, anaanza kuegemea nyuma na unamfundisha kosa.

Na makosa yatakuja. Krosi ikipaa juu ya goli, tazama mguu wake wa kulia, ule wa kuegemea: umebaki nyuma ya mpira na kifua kimelala. Mwambie auweke sambamba na mpira. Krosi ikigonga beki wa kwanza, amegusa mara tatu au nne badala ya mbili, beki amepata muda wa kujipanga. Tatizo kubwa zaidi ni kujulikana. Mechi ya tatu kila kocha atamwambia namba tatu wake aizibe njia ya ndani na kumwachia mstari. Kwa hiyo ni lazima autumie na mguu wa kulia: mara moja katika kila mara nne au tano aende nje na kupiga chini kwa mguu dhaifu, hata kama krosi si nzuri, ili beki asilale upande mmoja. Na namba mbili wako lazima apande nyuma yake, la sivyo uwanja unabana. Namba mbili akipanda, namba sita, kiungo wa kukaba, abaki, kwa sababu mpira ukipotea pale ndani, upande wote wa kulia uko wazi na kijana wako hatamkimbiza mtu akamfikia. Huo ndio udhaifu wa kweli wa winga asiye na mbio. Kamati wangelisema hilo ningewaelewa.

Lakini kumhamisha upande! Ngoja nikueleze West Ham. Januari 2017 walimnunua Snodgrass kutoka Hull kwa pauni milioni 10.2, siku zilezile ambazo nyota wao Dimitri Payet alikuwa anaondoka kurudi Marseille. Pale Hull alikuwa katika ubora wake. Msimu ulianza Agosti 2016 wakiwa hawana kocha wa kudumu, wachezaji wazima wa kikosi cha kwanza 13 tu, na bado wakawafunga mabingwa Leicester 2-1, bao la ushindi la Snodgrass. Akafika London, na baadaye akasimulia hadharani kwamba siku anaingia kwa mara ya kwanza kocha alimwuliza anapenda kucheza kulia au kushoto. Fikiria, kocha: umelipa fedha zote hizo, halafu hujui mtu anacheza upande gani! Akawekwa kushoto mara kadhaa. Kushoto mguu wake unampeleka mstarini, kwenye mashindano ya mbio asiyoyaweza. Krosi inatoka badala ya kuingia. Mkwaju wa kuingia ndani unakuwa wa mguu dhaifu. Msimu ukaisha, akaonekana hafai. Mmiliki mwenza wa klabu, David Sullivan, akalieleza gazeti kwamba watoto wake walimsihi asimsajili. Neno la namna hiyo, kwa mchezaji ambaye bado ana mkataba na wewe, mimi silikubali hata kidogo.

Agosti hiyo akapelekwa Aston Villa kwa mkopo, kwa Steve Bruce, kocha aliyewahi kumsajili Hull na anayemjua vizuri. Akarudishwa kulia. Villa wakafika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, Mei 2018, wakafungwa na Fulham 1-0. (Ndiyo Villa ileile tuliyoishangilia sote Januari 2020 Samatta alipotua, ila huyu alikuwa keshaondoka.) Aliporudi West Ham chini ya kocha mpya akapata nafasi, na Desemba 2018 akawafunga haohao Fulham kwao. Mguu haukubadilika, kocha tu ndiye aliyejua wa kumweka wapi.

Nimekusikia ukisema na habari ya goti la kijana, kwamba liliwahi kuteguka na kamati wanaogopa. Hapa pia Snodgrass ana la kusema. Alisajiliwa Hull Julai 2014. Tarehe 16 Agosti, mechi ya kwanza ya ligi, ugenini kwa klabu ya QPR ya London, pia ya goti ikatoka mahali pake. Alirudi uwanjani mwishoni mwa 2015, zaidi ya mwaka mzima, na Hull walikuwa wameshashuka daraja. Mei 2016 wakapanda tena kwa mchujo, na yeye yumo. Winga wa mbio akipoteza nusu hatua kwenye jeraha kama hilo, kazi yake imekwisha. Aliyejengwa juu ya mguso wa kwanza na krosi ana cha kurudia. Ila usilichukulie jepesi. Pia ya goti ikitoka, kwa kawaida huenda upande wa nje na kuchana kano za upande wa ndani, na msuli wa mbele wa paja unanywea haraka sana. Ikitokea uwanjani, mtu yeyote asiivute wala kuisukuma. Fungeni mguu ulivyo, aende hospitali. Na kabla ya kumpa dakika 90, pima mapaja yote mawili kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia. Tofauti ikionekana wazi, bado. Aendelee na kunyoosha mguu, kukaa na kusimama kwa mguu mmoja, na kutua kutoka kwenye ngazi fupi, goti likielekea kule vidole vinakoelekea.

Kuhusu ile klabu ya Shinyanga inayomtaka kwa mkopo, usikatae kwa hasira. Snodgrass alipelekwa Stirling Albion mwaka 2007 akiwa kijana, daraja la chini kuliko Livingston, akacheza kila wiki, na timu ikapanda kwa mchujo. Mwaka uliofuata Leeds wakamchukua. Mkopo unafaa kama kuna dakika za kucheza, na kama kocha wa kule anataka namba saba mashoto. Uliza hilo kwanza, ndipo mzungumze posho. Na kila kitu kiandikwe. Januari 2021 West Ham walimwuza Snodgrass moja kwa moja kwa West Brom, timu zikakutana siku chache baadaye, naye hakucheza. Sam Allardyce, kocha wa West Brom wakati huo, akasema palikuwa na makubaliano kati ya klabu. Mchezaji wa mkopo Ligi Kuu ya England haruhusiwi kuikabili klabu yake mama, hilo linajulikana. Aliyeuzwa ni wa mnunuzi, aliyemuuza hana haki ya kumpangia, ndiyo maana suala lile likaleta maswali. Kwenu pia watakuja na maneno ya mdomo. Usikubali.

Kinachoniuma katika habari yake ni Uskoti. Alifunga bao pekee walipowafunga Croatia kwao Zagreb, Juni 2013, akawafunga tena Oktoba. Akastaafu timu ya taifa 2019 bila kucheza fainali za mashindano makubwa hata mara moja, na fainali zilizofuata tu, zile za Ulaya zilizochezwa 2021, Waskoti wakaenda. Lakini haya tutayaongea ukija.

Rudi kwa kijana wetu. Mwache kulia. Kama kamati wanakomaa, waombe mechi tatu, wahesabu krosi zilizofika kwenye miguu au vichwa vya wenzake, wasihesabu mara alizopitwa kwa mbio.

Nijibu haya kabla ya Jumamosi. Namba mbili wako anapanda, au bado ni yule mzito? Nani anapiga kona za kulia sasa hivi? Goti liliteguka lini, na alipigwa picha hospitali au alikandwa tu nyumbani? Mkopo ni wa msimu mzima au nusu, na nani atalipa matibabu akiumia? Kijana mwenyewe mmemwuliza anapenda upande gani? Na Mzee Filimbi, ukimsomea barua hii, atakubali kukaa kimya mechi tatu?

Msalimie mama mkubwa na wote wa nyumba ya nyuma. Mipira minne niliyoahidi nimempa dereva wa basi la Jumatano, iulizie ofisini kwao Nyegezi, imeandikwa jina lako.

Ndugu yako wa Tabata