Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: Turudishie Runinga Yetu

Kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti Ndogo,

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu za heshima kutoka Kisumu. Nimekuandikia mara tatu kupitia ofisi ya mwalimu mkuu, kama utaratibu unavyotaka, na sijapata jibu. Barua hii ya nne naiandika hadharani kwa sababu ya yaliyotokea Alhamisi iliyopita.

Uliingia Kidato cha Tatu saa tisa kasoro robo. Wanafunzi arobaini na saba walikuwa wakitazama dakika kumi na mbili za kipindi cha jioni, tamthilia ya runinga ambayo nyumba nyingi za mitaa ya Nyalenda na Manyatta huitazama. Ubaoni nilikuwa nimeandika maneno matatu ya fasihi: taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata), kinaya (mambo kwenda kinyume na matarajio), mbinu rejeshi (hadithi kurudi nyuma). Hukuyasoma. Ulisema shule si jumba la sinema, kwamba hizo ni porojo za wasio na kazi, ukaamuru runinga itolewe. Sasa imefungiwa stoo pamoja na majembe.

Runinga ile si mali ya shule, Bwana Mkurugenzi. Niliinunua kwa fundi mmoja wa Kondele kwa shilingi 9,000, nikailipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Mimi ni mwalimu wa bodi, niliyeajiriwa na bodi ya shule, si na serikali. Unajua tunalipwa nini, na unajua hata hicho hakiji kila mwezi. Mwezi wa tatu wa deni lile mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Niliona ni heri, kwa kuwa darasa zima lilikuwa na nakala nne za riwaya teule, ile iliyoteuliwa kusomwa kwa mtihani.

Sijui ni nini kilikuleta siku ile. Wengine wananiambia mzazi alilalamika, wengine wanasema ni matokeo ya mwaka jana. Huenda ni yote mawili. Lakini neno lile, porojo, halinitoki kichwani.

Dickens, mwandishi Mwingereza ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa mababu wa riwaya, alitoa hadithi zake kwa vipande, kila wiki au kila mwezi, msomaji akikatizwa pale penye moto. Kati ya mwaka wa 1840 na 1841, alipokuwa akimsimulia msichana Nell na babu yake, wasomaji walimwandikia wakimsihi asimuue mtoto yule. Alimuua. Jirani yangu, mama muuza omena wa Kibuye, juzi aliipigia runinga kelele: "Usinywe hiyo chai!" Nielezwe tofauti ya mama huyu na wale walioandika barua. Riwaya ya Mrusi Dostoevsky kuhusu mwanafunzi aliyemuua bibi mkopeshaji nayo ilitoka sehemu kwa sehemu katika jarida, mwaka wa 1866. Watu walikaa mwezi mzima wakingoja kujua kama atakamatwa.

Na Shakespeare? Maskini wa London walilipa peni moja wakasimama uwanjani mwa jumba la maigizo kutazama wafalme wakichinjana na mabinti wakiwasaliti baba zao. Wakubwa wa jiji wakati ule waliyaona majumba yale kuwa mahali pa wazembe, na mwaka wa 1642 Bunge la Uingereza likayafunga. Miwili ya michezo ile ile ndiyo Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa nchi, alitenga saa zake kuitafsiri kwa Kiswahili. Aliona ndani yake kitu ambacho waliofunga milango hawakukiona.

Wala si lazima twende mbali. Chukua Lwanda Magere, shujaa wa ngano za Waluo tunayemsimulia huku Kano. Shujaa asiyepenywa na mkuki. Adui wanampa binti yao awe mke. Shujaa anaugua, anamwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili. Usiku mke anatoroka na siri ile kwenda kwao. Kata hadithi hapo, useme itaendelea kesho. Nani hatarudi? Bibi zetu walijua kukata hapo kabla ya kituo chochote cha runinga kuwashwa.

Sisemi kila kipindi ni fasihi bora. Vingine vinavutwa mpaka vinachosha: mtu anapoteza kumbukumbu mara mbili, pacha anatokea asikojulikana. Wanafunzi wangu huona udhaifu huo upesi kuliko mimi, na kuuona huko ndiko tahakiki. Swali ninalowauliza ni moja: huyu mtu anataka nini, na anaogopa nini? Swali hilo linafungua kipindi cha jioni na linafungua tamthilia teule vilevile.

Nina msichana mmoja pale ambaye kwa mwaka mzima hakuinua mkono. Wiki mbili kabla hujaja aliandika nusu ukurasa kuhusu yule mama tajiri anayechukiwa na kila mtu kipindini. Aliandika kwamba mama yule si mbaya, ila anaogopa kurudi katika nyumba ya mabati alikotoka. Jumatatu iliyofuata alimtazama mtawala katika tamthilia tunayosoma akasema, "Mwalimu, huyu naye anaogopa." Nimefundisha miaka kumi na moja na sijasikia jibu la kweli kuliko hilo. Siku ile ulipoingia alikuwa ameketi safu ya mbele. Tangu hapo hajasema kitu tena.

Bwana Mkurugenzi, wewe mwenyewe, katika tamasha la drama la miaka miwili iliyopita, ulisimama jukwaani ukasema fasihi haiishi vitabuni peke yake. Ukaahidi chumba cha kusomea na kutazama katika kila shule ya upili ya kaunti ndogo hii. Tulikupigia makofi, mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Chumba hatujakiona. Vitabu hatujaviona. Tulijitafutia runinga ya inchi 32 na flashi moja, nayo umeichukua.

Sidai chumba leo. Hata vitabu sidai leo, ingawa nitavidai tena. Naomba runinga irudi. Kama una shaka na ninachokionyesha, njoo uketi nyuma ya darasa kipindi kizima, kuanzia mwanzo, uwasikilize watoto wakijibu. Nitakuwekea kiti. Lakini runinga irudi, tafadhali.

Ufunguo wa stoo uko kwa naibu wa mwalimu mkuu, na anasema anangoja neno lako tu. Kipindi chetu ni Alhamisi, saa nane na dakika arobaini.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Kidato cha Tatu
Kisumu