Kwa mpwa wangu aliyekifunga kitabu cha Rizal

Mpwa wangu mpendwa,

Katika ujumbe wako wa juma lililopita uliniambia kwamba Noli Me Tangere, riwaya uliyoazimwa na muuguzi mwenzako Mfilipino huko Maskati, umeifunga baada ya sura ya saba, kwa sababu majina ni mengi, mapadri wanasema mno, na yule binti María Clara anakuchosha kwa upole wake. Ukaongeza kwamba hata mwenzako alikiri kuwa alipoisoma shuleni aliichukia. Nakujibu hapa hadharani, kwa kuwa wapo wengi walioifunga pale pale, na kwa kuwa nisingependa uishie hapo.

Ugumu ulioukuta mwanzoni ni wa kweli. José Rizal, mwandishi Mfilipino wa riwaya hiyo, anakuingiza katika karamu nyumbani kwa Capitán Tiago, Manila, mwishoni mwa Oktoba, bila ya mtu wa kukushika mkono na kukutambulisha kwa wageni. Unasikia mabishano kabla hujajua nani ni nani. Lakini irudie sura ya tatu, pale inapopakuliwa tinola, ule mchuzi wa kuku. Padre Dámaso anajikuta na shingo tupu na bawa gumu, huku Ibarra, kijana aliyerejea kutoka Ulaya, akipata vipande bora. Padri anaponda mboga zake kwa hasira na kusukuma sahani. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya ukoloni wa Hispania, lakini umekwisha kuona mtu aliyezoea kupewa kilicho bora katika kila nyumba, na chuki inayozaliwa siku anapokikosa. Kitabu kizima kimeandikwa hivyo, na ndiyo maana hakisomeki kwa haraka.

Kilichapishwa Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa fedha ambazo rafiki yake Máximo Viola alimkopesha mwandishi aliyekuwa hana kitu. Katika tabaruku yake kwa nchi yake, Rizal anasema kwamba watu wa kale walikuwa wakiwaweka wagonjwa kwenye ngazi za hekalu, ili kila ajaye kuabudu apendekeze dawa, naye atafanya vivyo hivyo kwa ugonjwa wa Ufilipino. Naomba uliweke moyoni jambo hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba aliomba majibu. Nayo yalikuja, tena makali.

Mwaka huohuo, kwa ombi la Askofu Mkuu wa Manila, kamati ya Chuo Kikuu cha Santo Tomás ilikihukumu kitabu kuwa ni cha uzushi, cha kuikufuru dini na cha kuivuruga serikali. Baada yake Padre Salvador Font, kwa niaba ya tume ya udhibiti, alitaka kipigwe marufuku kabisa kuingizwa, kuchapishwa na kusambazwa. Mwaka 1888 Padre José Rodríguez alitoa vijitabu vya kuwaonya waumini kwamba kukisoma ni dhambi ya mauti. Padri Mfilipino, Vicente García, alimjibu kwa jina la bandia kwa hoja ambayo naipenda sana: ikiwa kukisoma ni dhambi ya mauti, basi Padre Rodríguez naye ameitenda, maana amekisoma. Mwandishi Mfilipino Marcelo del Pilar yeye alichukua kichwa cha onyo lenyewe la Kitagalogi (lugha ya wenyeji wa Manila), lililosema "jihadharini", akaligeuza kidogo tu liwe wito wa kuwa watelezi kama samaki aitwaye mkunga. Rizal mwenyewe alipigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 35, na riwaya zake zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfikisha pale.

Sasa nije kwa mwenzako, kwa sababu sitaki umdharau kwa kuichukia. Mwaka 1956, maseneta Claro Recto na José Laurel walipigania sheria ya kufundisha maisha na maandishi ya Rizal katika shule na vyuo vyote. Maaskofu Wakatoliki waliipinga vikali, na mwishowe sheria ilipita ikiwa na kifungu kinachomruhusu mwanafunzi kuomba asisomeshwe matini kamili kwa sababu za imani yake. Hivyo riwaya iliyokuwa ikifichwa ikageuka kuwa somo la lazima, na leo watoto wa miaka kama kumi na minne hivi wanaikuta darasani, wengi wao kwa njia ya muhtasari. Wewe unajua mwongozo unavyoweza kuiua riwaya. Ulikariri dhamira na wahusika wa vitabu vya fasihi ambavyo hukuwahi kuvifungua. Aliyelazimishwa kupenda naye ana haki ya kusema kwamba hakupenda, na neno lake ni jibu halali kama yale mengine.

Kuna pia suala la lugha. Rizal aliandika kwa Kihispania, ambacho Wafilipino walio wengi hawakisomi, kwa hiyo wanamfikia babu yao kupitia wafasiri. Tafsiri ya Kiingereza ya León María Guerrero ya mwaka 1961 ilisomwa sana, lakini mtaalamu Benedict Anderson aliilaumu kwa kufuta maneno ya Kitagalogi na majina ya mahali, hata Manila ya kitabu ikapoteza harufu yake. Tazama jina la mfasiri kwenye nakala yako. Pengine sehemu ya uchovu wako imetoka hapo.

Ama kuhusu María Clara, hauko peke yako. Vazi moja la jadi la kike la Wafilipino limepewa jina lake, na kwa vizazi wasichana wameambiwa wawe kama yeye. Ndiyo maana mwandishi Carmen Guerrero Nakpil alimwona kuwa balaa kwa wanawake wa nchi yake. Mwaka 2022 televisheni ya huko ilitoa tamthilia inayomtumbukiza mwanafunzi wa uuguzi wa siku hizi ndani ya riwaya hii, abishane na wahusika wenyewe, na vijana wengi waliirudia riwaya kwa sababu hiyo. Mimi naamini Rizal hakumweka mbele yetu ili aigwe. Sitakuambia mwisho wake, lakini ukiufikia ukurasa wa mwisho, usiku wa mvua na radi juu ya paa la nyumba ya watawa, uniambie kama bado unauona upole.

Kabla ya hapo utakutana na Sisa na wanawe wawili, Basilio na Crispín, wanaopiga kengele kanisani na kusingiziwa wizi. Zisome sura zile siku ambayo huna zamu. Kisha, utakapoketi na mwenzako wakati wa chakula, usimuulize tena kama alikipenda kitabu. Muulize kama anamkumbuka Sisa, halafu uniandikie alivyojibu.

Mjomba wako