Vitabu vya watoto majasusi visizuiwe, tuandike na vya kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu Jumamosi iliyopita, akitaka wazazi na walimu wawanyang'anye watoto vile vitabu vya Kiingereza vyenye mashujaa majasusi wa miaka 13 au 14. Alisema vinawafundisha uongo, ukaidi na kushika bastola. Mimi nauza vitabu vya mtumba hapa Makoroboi, mjini Mwanza, huu mwaka wa 19 sasa. Vitabu anavyovilaumu ndivyo vinavyotoka zaidi mezani kwangu kila shule zikifungwa, kwa hiyo lawama ile imenigusa na siwezi kuinyamazia.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili ambaye mama yake anauza dagaa mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshusha samaki. Likizo ya Juni alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu, akachagua Stormbreaker, kitabu cha kwanza cha visa vya Alex Rider, alichokitoa Mwingereza Anthony Horowitz mwaka 2000. Hakuwa na pesa ya kununua. Watoto huwa nawakodishia kwa shilingi 500 kwa wiki. Alikaa nacho wiki tatu. Kila jioni alikuja akaketi juu ya kreti la soda nyuma ya meza, kitabu pajani, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI isiyo na jalada mkononi, akipambana na neno moja moja. Kuna siku alisoma ukurasa mmoja tu mpaka giza likaingia. Alipokirudisha aliniuliza: "Babu, kwa nini hawa watu wazima hawaendi wenyewe?"

Mhariri, mtu aliyekisoma kitabu kile hadi mwisho hawezi kusema kinafundisha ukaidi. Alex ana miaka 14. Ami aliyemlea, Ian Rider, ndugu wa baba yake, amekufa, na anaambiwa ilikuwa ajali ya gari, hakufunga mkanda. Mtoto anashtuka palepale, kwa sababu ami yake hakuwahi kukaa kwenye gari bila kufunga mkanda. Huo ndio upelelezi wake wa kwanza, na ameufanya kwa kumjua vizuri mtu wa nyumbani kwake. Baadaye wakubwa wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza, wanamtaka aende Cornwall kumchunguza tajiri anayegawa kompyuta za bure kwa shule zote za nchi. Anakataa. Ndipo wanamwambia kwamba akiendelea kukataa, yule dada wa Kimarekani anayemtunza hataongezewa kibali cha kuishi Uingereza, atarudishwa kwao. Mtoto anakwenda kwa kubanwa. Na bastola? Aliomba apewe, akanyimwa kwa sababu ya umri wake. Alipewa yoyo yenye uzi imara, dawa ya chunusi inayoyeyusha chuma na kifaa cha mchezo wa kompyuta. Msomaji mwenzangu angekisoma angeyaona haya mwenyewe.

Sisemi kila kitabu ni cha kila mtoto. Mfululizo wa CHERUB wa Robert Muchamore, unaohusu kikosi cha watoto majasusi na ulioanza mwaka 2004, una lugha na mambo ambayo simpi mtoto wa darasa la saba, hata akija na pesa yake. Lakini nao una jambo ambalo vijana wanaokuja hapa hulibishania sana. Watoto wa kikosi kile wana miaka 10 hadi 17, na sheria yao inamruhusu yeyote kukataa kazi. Yupo kijana anayeshikilia kwamba ruhusa hiyo ni ya maneno tu, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na watu fulani hana pa kwenda akiwakatalia. Ana miaka 15 kijana huyo. Sijui ni somo gani shuleni lingemfikisha kwenye wazo hilo.

Jambo hili pia si geni. Mwaka 1901 Rudyard Kipling alitoa Kim, kisa cha mtoto wa mitaani wa Lahore anayeingizwa katika ujasusi wa Waingereza huko India. Mchezo wa kutazama vitu kwa muda mfupi, kisha vikafunikwa ukavitaja, ambao skauti wanaucheza mpaka leo, umetoka humo. Kitabu kizuri, ila mtoto yule alikuwa akiwatumikia wakoloni, na namwambia hivyo kila anayekichukua.

Kinachoniumiza ni kingine. Nilipokuwa kijana nilimsoma Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, kwa kibatari hadi pua ikajaa masizi. Kikosi cha Kisasi nilikisoma mara nne. Tulijua habari za makaburu na vita vya ukombozi kusini mwa Afrika kupitia riwaya zile, na kwa Kiswahili kilichokuwa kikikimbia. Lakini Willy Gamba ni mtu mzima, na starehe zake ni za mtu mzima. Mtoto wa miaka 13 akiniomba riwaya ya kijasusi kwa Kiswahili, yenye shujaa wa umri wake, namtazama tu. Mezani kwangu haipo. Miaka 19 sijaletewa hata moja. Namkabidhi Alex Rider na kamusi.

Na ziwa letu limejaa visa hivyo. Mtoto wa mwaloni anajua ni mtumbwi gani umeingia saa tisa usiku bila taa. Anajua gunia lipi la dagaa limefunika kokoro, ule wavu haramu, na nani ananunua sangara wachanga wasiofika sentimita 50. Bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, ikipanda, yeye kaisikia mapema. Wakubwa wanazungumza mbele yake kama hayupo, kwa sababu ana beseni kichwani na wanamwona mtoto tu. Kinga ya jasusi mdogo wa vitabuni ni hiyohiyo, kwamba hakuna anayemtilia shaka. Tena ziwa lenyewe ni la nchi tatu, mzigo unalala kisiwani leo, kesho uko ng'ambo. Mwandishi anataka nini zaidi? Lakini mtoto huyo akisema alichokiona, kesho mama yake ataanika wapi dagaa wake? Naye anaweza kubanwa kupitia mtu anayemlea, kama Alex alivyobanwa. Nadhani ndiyo maana binti yule aliniuliza swali lile. Hakuwa anawaza Uingereza.

Kwa hiyo nina ombi kwako, Mhariri. Zamani magazeti yetu yalikuwa na hadithi ya kuendelea, na tulikuwa tukigombania karatasi kujua wiki hii imekuwaje. Tenga nusu ukurasa kila Jumamosi kwa hadithi ya upelelezi ya vijana wa miaka 12 hadi 16, kwa Kiswahili, na uwakaribishe waandishi wa mikoa ya ziwa. Nitakata kila toleo na kulibandika kwenye ubao mbele ya meza yangu, wasiokuwa na pesa ya gazeti wasome wamesimama.

Wa kuanzia yupo. Binti yule ameniachia daftari la kurasa 48, kumi na moja zimejaa. Shujaa wake ana miaka 13, anaosha mabeseni mwaloni alfajiri, na ameuona mtumbwi usio na taa ukishusha magunia mazito kuliko dagaa. Afisa mmoja anamwita pembeni, anamsifu kwa macho yake makali, kisha anamwomba kesho usiku ajifiche ndani ya mtumbwi ule. Ameishia hapo. Anasema bado anafikiri amjibu nini.

Muuza vitabu,
Makoroboi, Mwanza